Je, Wajua? Njia ya Matatu Haionekani Kutoka Angani

Je, wajua kuwa picha ya setilaiti inaweza kukuonyesha kila paa la bati mjini Emali na isikuonyeshe hata njia moja ya matatu? Barabara ya Mombasa utaiona. Reli utaziona mbili, ile ya zamani na ile mpya ya SGR. Ila kwamba gari linalopakia pale kando ni la Wote na si la Makindu, hilo halina alama yoyote ardhini. Ni makubaliano kati ya dereva, makanga, Sacco ya wenye magari na abiria waliozoea. Mtu aliye Berlin anaweza kukaa kwake akafuatilia kwa kipanya barabara ya vumbi ya Makueni, na akaichora sawasawa. Njia ya matatu humngoja mtu aliyepanda gari, au walau aliyesimama steji akasikiliza makanga anaita wapi.

Hapo ndipo wanapotokwa jasho wanaojitolea kuchora usafiri wa umma katika OpenStreetMap, ramani ya intaneti ambayo yeyote mwenye akaunti anaweza kuirekebisha. Kuchora njia mpya huchukua siku moja, pengine alasiri moja. Kuhakikisha bado ni ya kweli mwaka ujao ni kazi nyingine kabisa, na wanaoipenda ni wachache.

Emali ni mahali pazuri pa kuielewa kazi hiyo. Mji uko takriban kilomita 125 kutoka Nairobi, mpakani mwa kaunti za Makueni na Kajiado. Ukitoka Nairobi unapita Salama, halafu Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultani Hamoud wa Zanzibar, ndipo unafika Emali. Ukiendelea ni Simba, Kiboko, Makindu na Kibwezi. Hapo Emali barabara nyingine, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kama C102, inakata kusini kupitia Mbirikani na Kimana hadi Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Upande wa pili kuna barabara ya Matiliku na Ukia ya kuelekea Wote, makao makuu ya Makueni. Kwa hiyo matatu moja huwa imefika mwisho wa safari hapa, basi la Mombasa linapita bila hata kupunguza mwendo, na abiria wa Loitokitok ana uamuzi wa kufanya tangu akiwa Nairobi: asubiri gari la moja kwa moja, au ashuke Emali abadilishe. Ramani iliyoweka alama ya basi pale na kunyamaza haijamsaidia yeyote kati ya hao.

Hata barabara kuu yenyewe imebadilishwa namba. A109 ya Mombasa na Nairobi, katika uainishaji wa barabara wa mwaka 2016, iliingizwa kwenye A8 inayotoka Mombasa hadi Malaba. Madereva wengi hawana habari wala haja nayo. Kwao ni Mombasa Road, basi.

Je, wajua kuwa OpenStreetMap ilianzishwa kwa sababu ya bei? Mwaka 2004 Steve Coast, mwanafunzi wa University College London, alichoka kuona data ya ramani ya Uingereza, iliyokusanywa na shirika la serikali, ikiuzwa ghali. Akaanza kuchora yake na kuwaalika wengine. Leo ina akaunti zaidi ya milioni 10, ingawa wanaochora kwa dhati ni sehemu ndogo sana ya hao. Kenya iliingia mapema kwenye hadithi hii: mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora mtaa wao katika mradi wa Map Kibera, wakati ambapo ramani nyingi za intaneti zilipaonyesha kama nafasi tupu.

Lakini kisa chenye uhondo zaidi kwa msafiri ni cha matatu za Nairobi.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Columbia, MIT na kampuni ndogo ya ubunifu iitwayo Groupshot, walianza mradi wa Digital Matatus. Vifaa vyao havikuwa vya ajabu. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu. Simu ikarekodi gari lilipopita, nao wakaandika liliposimama na jina la steji. Januari 2014 ramani ikazinduliwa, ikiwa na njia zaidi ya 130, zimepakwa rangi kufuata barabara kubwa za jiji, kwa mtindo wa zile ramani za treni za chini ya ardhi za London. Mwaka 2015 data hiyo iliingizwa kwenye Google Maps, na Nairobi ikawa jiji la kwanza kuwa humo na usafiri wa aina hii, usioendeshwa na serikali wala kampuni moja kubwa.

Jambo lililojitokeza kwenye ramani ile ni umbo la mtandao wenyewe. Karibu kila mstari ulikuwa unakimbilia katikati ya jiji, na michache sana iliunganisha mtaa na mtaa. Mkazi wa Embakasi mwenye kibarua Kawangware alilijua hilo zamani kupitia mfuko wake: aingie mjini kwanza, ashuke, atembee hadi steji nyingine, alipe tena. Sasa mpangaji wa jiji asingeweza kusema hajaliona.

Na namba zile? Namba nyingi zinazobandikwa kwenye vioo vya matatu za Nairobi ni urithi wa mabasi ya KBS, kampuni iliyoanza kazi jijini mwaka 1934. Serikali zimepita, magari yamegeuka kutoka mabasi makubwa hadi matatu zenye michoro na muziki, na namba bado ziko. Ni moja ya vitu vichache katika biashara hii ambavyo mchoraji anaweza kuviamini.

Mengine hayaaminiki hivyo. Mapema Desemba 2018 serikali ya kaunti ya Nairobi iliamuru matatu zisiingie katikati ya jiji. Watu walitembea kwa miguu kilomita kadhaa, kelele zikapigwa, amri ikasitishwa hata wiki haijaisha. Mchoraji mwenye bidii aliyeamka asubuhi na kusogeza kila mwisho wa njia hadi pembezoni mwa jiji angekuwa na kazi ya kurudisha zote. Miaka minne baadaye, 2022, barabara ya Expressway ilifunguliwa juu ya Mombasa Road. Safari hii mabadiliko yalikuwa ya kudumu. Ndiyo maana wachoraji wazoefu hukawia kidogo kabla ya kugusa ramani baada ya tangazo la serikali. Huo si uvivu. Wanangoja kuona magari yenyewe yanafanya nini, maana sheria ya kwanza ya OpenStreetMap ni kuchora kilichopo ardhini.

Je, wajua kuwa mtindo wa kuhifadhi data ya mabasi unaotumiwa karibu dunia nzima ulitokana na hasira za msafiri? Bibiana McHugh, mfanyakazi wa shirika la usafiri la TriMet huko Portland, Marekani, aliona ni rahisi kupata maelekezo ya kuendesha gari katika mji wa kigeni, lakini ya kupanda basi hayapatikani. Mwaka 2005 yeye na wenzake wakashirikiana na Google kutengeneza mtindo ambao leo unaitwa GTFS. Swali lake la msingi ni hili: gari linafika kituoni saa ngapi?

Muulize makanga wa Emali swali hilo. Jibu ni moja: likijaa.

Timu ya Nairobi ilikumbana na ukuta huohuo. Mtindo ulitaka ratiba, matatu hazina ratiba, ikabidi waweke makadirio ya muda unaopita kati ya gari moja na lingine badala ya saa kamili. Katika OpenStreetMap kuna nafuu: njia inaweza kukaa bila ratiba yoyote, ikasema tu inapita wapi na inasimama wapi. Nauli pia kwa kawaida haiwekwi. Nani angeiweka? Asubuhi ni bei moja, jioni nyingine, mvua ikianza kudondoka ni nyingine tena, na Desemba, watu wakienda mashambani, kila mtu anajua kinachotokea.

Je, wajua kuwa ramani hiyo yote ya dunia imejengwa kwa vitu vitatu tu? Kuna nukta, kuna mstari unaopita kwenye nukta, na kuna uhusiano, yaani orodha inayofunga vitu pamoja. Mti ni nukta. Barabara ni mstari. Njia ya matatu ni uhusiano: orodha ya vipande vya barabara vinavyofuatana, pamoja na steji zake kwa mpangilio.

Nasema vipande kwa sababu Mombasa Road kwenye ramani si mstari mmoja. Imekatwa kila panapobadilika kitu, iwe ni daraja, kikomo cha kasi, idadi ya njia za magari au mzunguko. Kati ya Nairobi na Emali kuna vipande vingi sana, na kila uhusiano wa basi lipitalo hapo lazima uviorodheshe vyote, kimoja kikiishia pale kingine kinapoanzia, mithili ya shanga kwenye uzi. Sasa fikiria mtu anayejali barabara tu. Anaona kipande karibu na Salama kimepinda vibaya, anakifuta, anachora kingine kizuri zaidi. Barabara inaonekana safi. Lakini njia za mabasi ya Mombasa, Voi, Makindu na Emali zote zimekatika palepale, na yeye hana habari. Programu za kuchora humwonya mtu kabla ya kufanya hivyo. Maonyo, tunajua wote, watu huyabonyeza yaondoke.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kuhuisha njia haihusiani kabisa na kuchora njia mpya. Ni kuzunguka kutafuta uzi umekatika wapi. Kazi ya fundi wa mabomba, kwa kweli.

Mwaka 2011 wachoraji walipitisha kwa kura mpango mpya wa kuweka usafiri wa umma: kila upande wa safari uwe na uhusiano wake, kwenda peke yake na kurudi peke yake, kisha zote mbili zifungwe chini ya uhusiano mmoja mkuu. Kwa jiji lenye barabara za upande mmoja ni busara tupu. Kwa gari la Emali na Kimana, linalokwenda na kurudi kwenye lami ileile, unaweza kuona kama ni kujitwisha kazi maradufu. Mpango wa zamani haukufutwa pia, kwa hiyo ramani ina mitindo miwili hadi leo, na kila mmoja una watetezi wasiochoka kubishana.

Mimi niko upande wa mpango mpya, kwa sababu moja: upande wa barabara. Kenya magari hupita kushoto. Anayekwenda Nairobi hungoja kushoto kwa mtu aliyeelekea Nairobi, na anayekwenda Makindu hungoja ng'ambo. Kwenye mtaa mdogo kosa hilo ni la hatua tano. Kwenye Barabara ya Mombasa, penye malori ya kontena yanayotoka bandarini, kuvuka kwenda upande wa pili ukiwa na mtoto mgongoni na gunia la vitunguu ni jambo la kufikiria mara mbili. Steji iliyochorwa katikati ya barabara, kama wengi wanavyofanya kwa haraka, haimwambii mgeni asimame wapi.

Je, wajua kuwa baadhi ya steji maarufu za Nairobi zina majina ya vitu ambavyo havipo? Odeon ni jina la sinema. Bellevue, kwenye Mombasa Road, na Drive-In ya Thika Road zote zilikuwa sinema za kutazamwa ukiwa ndani ya gari. Allsops ni kiwanda cha bia kilichokuwa Ruaraka. Wenye kuzitaja kila siku wengi wao hawajawahi kuona filamu hapo wala kuonja bia hiyo. Mchoraji akifuata picha za angani ataandika jina la jengo lililopo leo, na abiria atakayelitaja jina hilo kwa makanga atatazamwa tu. Kanuni ni kuandika jina wanalolisema watu. Kukiwa na majina mawili, kama Loitokitok na Oloitokitok, ramani ina nafasi ya jina la pili pia, wenyeji wasilazimishwe kugombana.

Kuna jambo linalowaudhi sana wageni wa kazi hii: hairuhusiwi kunakili. Jina la steji likiwa limeandikwa vizuri kwenye Google Maps, na wewe unajua ni sahihi, bado huwezi kulichukua kutoka huko ukaliweka kwenye OpenStreetMap. Data ya OpenStreetMap inatolewa kwa leseni huria, iliyoanza kutumika mwaka 2012, na haiwezi kutoa bure kitu ambacho mwenyewe ni mwingine. Picha za angani zinatumika pale tu wenye picha waliporuhusu, kama Microsoft ilivyofanya na picha za Bing mwaka 2010. Vinginevyo unaruhusiwa ulichokiona, ulichokisikia na ulichokirekodi mwenyewe.

Na kwenye matatu kuna kitu cha kusoma bila kumuuliza mtu. Mwezi Februari 2004 zilianza kutekelezwa kanuni za waziri John Michuki: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, sare za dereva na kondakta, na ule mstari wa manjano ubavuni mwa gari wenye maelezo ya njia. Lengo lilikuwa nidhamu barabarani. Bila kukusudia, waziri aliwaachia wachoraji wa ramani chanzo cha habari kisicho na hakimiliki, kinachotembea chenyewe hadi steji.

Lakini mstari wa manjano hausemi yote. Hausemi lini dereva atachepuka kwenye njia ya panya kukwepa foleni au kizuizi. Wala hausemi kuhusu kuuzwa. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo; kwa wengine, ni pale gari lililobakiwa na abiria wachache linapowakabidhi kwa gari lingine katikati ya safari, kondakta wa kwanza akimlipa wa pili sehemu ya nauli, na nyinyi mkihamisha mizigo yenu huku mkinung'unika. Je, hiyo ni njia moja au mbili? OpenStreetMap ina alama za kila aina, hadi ya kiti cha bustani kisicho na mgongo. Ya abiria waliouzwa haina. Basi inachorwa kama ilivyokusudiwa, na msafiri ajue dunia ina mambo.

Vivyo hivyo magari madogo. Katika barabara nyingi za vijijini Kenya msafiri habebwi na matatu ya viti 14 bali na Probox, watu wamebanana kuliko idadi iliyoruhusiwa, au na bodaboda. Ramani ina aina ya njia inayoitwa teksi ya pamoja, iliyotengwa kwa magari kama hayo yenye njia maalumu. Bodaboda haina njia, inakwenda unakotaka, kwa hiyo linachorwa egesho lake tu.

Je, wajua kuwa steji iliyokufa si lazima ifutwe? Kuna alama ya kusema kitu kipo lakini hakitumiki. Ni ya maana kuliko inavyoonekana, maana ukifuta kabisa, mtu mwingine mwenye picha ya zamani atakuja mwaka ujao akirudishe, akiamini anasaidia. Emali inao mfano: reli mbili kando kwa kando, moja hai na moja isiyo na abiria. Treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilisitishwa mwaka 2017, na SGR ikafunguliwa mwisho wa Mei mwaka huohuo. Treni ya SGR iitwayo Madaraka Express, ile inayosimama vituo vya kati, ina kituo Emali. Stesheni mbili, jina moja: programu isiyojua ipi ni hai inaweza kumpeleka msafiri kungojea treni isiyokuja.

Dar es Salaam walikuwa na kubwa kuliko hilo. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalianzia Ubungo. Februari 2021 kituo kipya cha Magufuli kikazinduliwa Mbezi Luis, mbali zaidi kwenye Barabara ya Morogoro, na mwanzo wa safari za mikoani ukahama kwa mpigo. Kabla ya hapo, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalikuwa yameanza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, na daladala za barabara hiyo zikapangiwa kwingine.

Turudi Emali, kwenye ile barabara ya kusini. Mbele ya Loitokitok iko Illasit, na ng'ambo ya mpaka ni Tarakea, wilayani Rombo, Tanzania. Faili ya ramani haikatiki mpakani. Barabara ya Kenya na ya Tanzania zinaungana kwa nukta moja, na mtu anaweza kuchora mstari usiokatika kutoka Emali hadi Moshi. Kwa abiria ni safari mbili: atashuka, atavuka na hati zake, ataanza kuita daladala alichokuwa akikiita matatu, na atalipa kwa shilingi nyingine. Kwa hiyo ni njia mbili, kila moja ikiishia upande wake.

Na je, wajua kuwa unaweza kusaidia bila kujifunza lolote kati ya haya? Tangu mwaka 2013 OpenStreetMap ina sehemu ya madokezo: unagusa mahali kwenye ramani, unaandika ulichokiona, wachoraji wanakiona na kukifanyia kazi. Kiswahili kinakubalika. "Steji ya magari ya Wote imehamia ng'ambo, mkabala na soko, tangu Januari" ni dokezo zuri, kwa sababu linasema ni nini, wapi na lini. "Hii ramani ni ya uongo" nalo hupokelewa, kisha hukaa hapo miaka.